Weledi mitandaoni: tuwafikirie na watu waliomo ndani ya posti zetu

Kalamu Tulivu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kusimamia kurasa za mitandao ya kijamii za taasisi. Posti ya mfanyakazi ikizua tatizo, mara nyingi naitwa kwenye kikao nieleze ilifikaje ilikofika. Nimekaa kwenye vikao hivyo vya kutosha kuona kwamba tukiongelea weledi mitandaoni tunaangalia pembeni. Muulize mtu kama yuko makini na anachoposti, atakwambia yeye hatukani, havai ovyo, hapigi picha na chupa mkononi. Anaona hapo amemaliza.

Wengi ninaowakuta kwenye vile vikao nao hawatukani. Ni wachapakazi, watu na heshima zao, ila wameposti kitu kisichokuwa chao: ugonjwa wa mtu, deni la mteja, barua ya ndani, kilio cha mwanafunzi. Kazi imewaweka mahali pa kuona mambo ya watu, na watu wale hawakuwa na namna ila kuwaamini. Msimamo wangu ni kwamba weledi wa mtandaoni uanzie kwa hao. Sura yako mbele ya mwajiri ina umuhimu wake, lakini inafuata nyuma.

Chukueni mfano huu. Nimeutunga, ila wa aina yake nimeukuta mara nyingi:

"Leo tumezalisha mapacha watatu, wote wazima, Mungu ni mwema. Ila baba yao hata simu hajapiga. Wanaume mbadilike."

Jina hakuna, hospitali haijatajwa, picha hakuna. Aliyeandika ana nia njema na anamwonea uchungu yule mama. Sasa isome ukiwa wifi wa yule mama. Mapacha watatu hawazaliwi kila siku. Tarehe ipo juu ya posti. Hospitali inajulikana, kwa sababu mwandishi amejaza kwenye wasifu wake anapofanya kazi, au mwaka jana aliposti picha akiwa na sare. Jioni haijaisha ukoo mzima umeshajua anayesemwa ni nani, na sasa wanajua kwamba mume hakupiga simu, jambo ambalo mama mwenyewe pengine alilificha kwa sababu zake. Atatoka wodini na watoto watatu mikononi na maneno ya watu mgongoni, na aliyemletea maneno hayo ni nesi aliyemhurumia.

Kwa hiyo kuondoa jina hakutoshi. Jiulize: mhusika akiisoma, atajijua? Akijijua yeye, walio karibu naye watamjua pia.

Picha ndiyo kabisa. Novemba 2012 zilitolewa picha rasmi za Prince William akiwa kazini kwenye jeshi la anga la Uingereza. Nyuma yake, kwenye picha hizo, zilikuwa zinasomeka taarifa za kuingilia kwenye mfumo wa jeshi, paswedi ikiwemo. Ikabidi picha zirekebishwe na paswedi zibadilishwe. Zile zilikuwa picha rasmi, zilizopita kwa watu wa mawasiliano. Sisi tunapiga selfi ya dawati tukiwa na haraka ya kwenda kula. Kabla hujaposti picha ya kazini, ivute ikue kisha zungusha macho kwenye kona zake: skrini ya kompyuta, ubao wa ukutani, jina juu ya faili, beji ya mwenzako aliyepita nyuma, kioo kinachoakisi usichokiona kwa haraka.

Na yale maneno tunayoandika kwenye wasifu, "maoni ni yangu binafsi", yana faida yake: yanamjulisha msomaji kwamba husemi kwa niaba ya ofisi. Siri ya mtu ikishatoka, hayairudishi.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa fani zingine leteni ya kwenu.

---

Nesi wa Zamu

Asante mkuu kwa uzi huu, umenigusa moja kwa moja kwa sababu niko wodi ya wazazi. Lakini nina mawili. La kwanza, tukinyamaza kabisa, watu wataelimishwa na nani? Kuna akina mama wanawahi hospitali kwa sababu tu walisoma posti kuhusu dalili za hatari. La pili, mimi siposti hadharani. Naweka stetasi ya WhatsApp, wanaiona watu wangu tu, na baada ya saa 24 inafutika yenyewe.

---

Kalamu Tulivu

Dada, usinyamaze, tafadhali. Andika kwamba mjamzito akiumwa kichwa sana, akaona maluweluwe, akavimba uso na mikono ghafla, awahi hospitali maana presha inaweza kuwa imepanda. Hayo ni ya kila mtu na yanaokoa maisha. Hayahitaji mama wa kitanda cha dirishani ili yaeleweke.

Ukiona kisa cha mtu kitasaidia wengine, muombe mwenyewe, ila si akiwa kitandani anakutegemea umpe dawa. Pale hana uhuru wa kukukatalia, hata akitabasamu na kukwambia sawa. Subiri atoke, apate nguvu, aione posti yenyewe kabla haijatoka, na ajue anaweza kusema hapana bila wewe kumnunia.

Kuhusu stetasi, pitia namba zilizomo kwenye simu yako. Utakuta ndugu wa wagonjwa waliokuomba namba wakati mtu wao amelazwa, na wewe ukaisevu ya kwao. Hao nao ni "watu wangu tu". Saa 24 ni muda mrefu mno kwa skrinshoti. Tangu 2017 WhatsApp ina ile huduma ya kufuta ujumbe kwa wote, na siku hizi inakupa siku mbili na nusu hivi za kufuta, lakini picha aliyokwisha kuipiga mtu kwenye skrini yake huna la kuifanya.

Na uchache wa wanaokufuata hausaidii. Desemba 2013 mfanyakazi wa mawasiliano wa kampuni moja ya Marekani aliandika Twitter mzaha wa kibaguzi kuhusu Afrika na UKIMWI, akapanda ndege London kwenda Cape Town. Alikuwa na wafuasi wapatao 170. Ndege ilikuwa hewani kama saa 11, simu yake imezimwa, na dunia nzima inamjadili na kungoja atue. Kazi aliipoteza. Yale maneno siyatetei hata kidogo. Nakuonyesha tu kwamba idadi ya walio karibu nawe haikwambii posti itaishia wapi, kwa sababu anayeirusha mbele ni mmoja tu kati yao.

---

Msema Kweli

Mkuu nakuheshimu, ila hapa naona tunatengeneza wafanyakazi waoga. Mshahara umechelewa, bosi ananyanyasa watu, tukisema mtandaoni tunaambiwa hatuna weledi. Siku hizi hata kulaiki ni kosa. Hili neno weledi limekuwa la kuwafunga mdomo wanyonge, na wewe unawapa wakubwa hoja ya kulitumia.

---

Kalamu Tulivu

Ndugu yangu Msema Kweli, hapo tuko pamoja kuliko unavyofikiri, na nashukuru umelileta.

Kuhusu kulaiki, kuna kesi ya Melike dhidi ya Uturuki iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwezi Juni 2021. Mama mmoja wa usafi, mfanyakazi wa mkataba chini ya wizara ya elimu, alifukuzwa kazi kwa sababu ya kulaiki posti za watu wengine Facebook, baadhi zikiwa na ukosoaji mkali wa kisiasa. Mahakama ikasema haki yake ya uhuru wa maoni imevunjwa. Ikaeleza pia kwamba kulaiki hakuna uzito sawa na kusheea, na kwamba ilipaswa kuangaliwa ile posti iliwafikia watu wangapi na yule mama ana nafasi gani kazini. Marekani nako, sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wanaojadiliana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mishahara na mazingira ya kazi, na kinga hiyo imetumika hadi kwenye mazungumzo ya Facebook. Lakini mtu akinung'unika peke yake, bila kuwagusa wala kuwahusisha wenzake, kinga hiyo kwa kawaida haimfikii. Kila nchi ina sheria yake, hivyo soma mkataba wako na sera ya ofisi kabla hujaandika.

Sasa rudi kwenye msimamo wangu uone kwamba unakulinda wewe pia. Mshahara wako ni wako. Manyanyaso uliyofanyiwa ni yako. Ukiyasema, hujamvunjia mtu uaminifu. Unaweza kuingia matatani na mwajiri, hilo silifichi, ila siwezi kukuita mtu asiye na weledi. "Mishahara imechelewa miezi miwili, tumeandika barua, hatujajibiwa" ni kauli ya mtu mzima. Kauli hiyohiyo ukiiambatanisha na orodha ya malipo yenye majina ya wenzako na namba zao za akaunti, umewaanika watu ambao wako upande wako.

Wanaotumia weledi kuficha uovu wao wapo, na mimi nimewaona. Mwambie mkubwa wa namna hiyo akuonyeshe ni nani aliyeumizwa na posti yako. Kama jibu ni "taasisi imedhalilika" na hakuna mteja, mgonjwa wala mwenzako aliyeguswa, basi mjadala uhamie kwenye ukweli wa ulichokisema.

---

Msema Kweli

Hapo kwenye orodha ya malipo nimekuelewa. Kwenye hilo la taasisi kudhalilika bado nina wasiwasi, maana anayeamua ni yeye mkubwa. Ila endelea mkuu.

---

Mama Ajira

Habari zenu wana jukwaa. Mimi niko upande wa kuajiri kwa muda mrefu, niseme tunachoangalia, angalau ninachoangalia mimi.

Picha za sherehe huwa nazipita. Mtu kufurahi na ndugu zake hakunihusu, na anayemkata mwombaji kwa sababu ya nguo ya ufukweni namwona anapoteza wafanyakazi wazuri. Kinachonisimamisha ni mtu anayewacheka wateja wa kazi yake ya zamani. Alikuwa benki, anaigiza jinsi mzee mmoja alivyoshindwa kujaza fomu. Alikuwa mapokezi, anasheea ujumbe wa mteja wenye makosa ya tahajia. Watu wanakomenti kwa vicheko, posti ina laiki nyingi. Mimi nikiisoma namwona mteja wangu wa mwaka kesho ndani ya video hiyo. Mwombaji huyo anaweza kuwa na vyeti vya kupendeza, ila tayari ameshanionyesha atawafanyia nini watu wangu.

Na la zamani haliozi. Juni 2021 mchezaji wa kriketi wa Uingereza, Ollie Robinson, alikuwa anacheza mechi yake ya kwanza ya taifa kwenye uwanja wa Lord's, London. Siku hiyohiyo zikafukuliwa twiti zake za kibaguzi na za kudhalilisha wanawake, alizoandika 2012 na 2013 akiwa bado kijana. Jioni yake, badala ya kuongelea wiketi alizopata, akawa anasoma taarifa ya kuomba radhi. Akasimamishwa kuchezea timu ya taifa, na baadaye akaadhibiwa rasmi.

Vijana mnaotafuta kazi, mitandao mikubwa ina sehemu ya kuomba nakala ya kumbukumbu zako zote. Ipakue, kaa nayo siku ya mapumziko, tafuta majina ya sehemu ulizofanya kazi au kusoma, na maneno kama "mteja", "bosi", "mwalimu", "huyu mama", "huyu mzee". Zile ulizomcheka mtu, futa. Na kama kuna mtu uliyemtaja wazi na unaweza kumpata, muombe radhi kwa faragha. Hilo la mwisho si la kupata kazi, ni la haki yake tu.

---

Mwalimu Darasa la Tatu

Naongezea la walimu kwa kifupi. Majibu ya kuchekesha ya watoto kwenye mitihani: wengi tunayaposti tukiona hayana madhara, maana jina tumelikata. Mwandiko wa mtoto mzazi wake anaujua. Wenzake darasani wanaujua. Na mtoto mwenyewe, akija kuukuta akiwa na miaka kumi na tano, atajua kwamba siku aliyojaribu kujibu swali gumu, mwalimu wake alimfanya kichekesho. Mimi picha hizo sizitumi hata kwenye grupu la walimu.

---

Kalamu Tulivu

Mwalimu, ubarikiwe. Hilo la grupu la walimu watu wengi wanalisahau. Grupu la kazini nalo ni mtandao wa kijamii, tena lina watu wanaohama kazi na kuondoka na mazungumzo yote kwenye simu zao.

---

Admini wa Pili

Mkuu nina swali la kiufundi. Tunaendesha ukurasa wa taasisi watu watatu, kila mmoja kwa simu yake. Kwenye simu yangu akaunti yangu na ya taasisi zimekaa pamoja, kuhama ni kugusa mara moja. Naishi kwa hofu. Mnafanyaje?

---

Kalamu Tulivu

Hofu yako ina msingi. Machi 2011 twiti ya matusi kuhusu madereva wa Detroit ilitoka kwenye akaunti rasmi ya Chrysler, kampuni ya magari ambayo jiji hilo ndilo nyumbani kwake. Aliyeiandika alikuwa mfanyakazi wa wakala aliyeiendeshea Chrysler akaunti hiyo, akidhani yuko kwenye akaunti yake binafsi. Akapoteza kazi, na wakala akapoteza mkataba. Mwezi mmoja kabla yake, Februari 2011, Msalaba Mwekundu wa Marekani nao ulikuta kwenye akaunti yao twiti ya mfanyakazi anayesifia bia. Wao waliifuta, wakakiri wazi kwamba imetoka kwa bahati mbaya, wakalimaliza kwa lugha nyepesi, na mfanyakazi akabaki kazini. Baadhi ya wapenzi wa bia ile hata wakahamasishana kuchangia. Kosa ni moja, ila twiti ya kwanza iliwatukana watu wa mji na ya pili haikumgusa mtu, na nadhani hapo ndipo zilipoachana.

Ninachokifanya: akaunti ya taasisi inakaa kwenye programu tofauti kabisa na ninayotumia kwa mambo yangu, ikiwezekana simu tofauti. Posti isiyo ya dharura inapangwa mapema na mwenzangu anaisoma kabla haijatoka. Na orodha ya wenye paswedi tunaipitia kila mtu anapohama. Januari 2013 duka la muziki la HMV la Uingereza lilikuwa linapunguza wafanyakazi, na mmoja wao akawa anatwiti tukio zima moja kwa moja kutoka akaunti ya kampuni yenyewe, kwa sababu uongozi ulikuwa haujui vizuri akaunti iko mikononi mwa nani.

Posti mbaya ikishatoka, piga skrinshoti ya ushahidi, futa, kisha sema umefuta na kwa nini. Kufuta kimyakimya kunawafanya walioiona waisambaze kwa nguvu zaidi. Na kama kuna mtu amefichuliwa, apigiwe simu kabla ya taarifa yoyote kwa umma. Hili la mwisho taasisi nyingi hulifanya mwishoni au hazilifanyi kabisa, na linanikera sana.

---

Mtoa Huduma

Swali langu ndilo gumu kuliko yote humu. Mteja ameandika kwenye ukurasa wangu kwamba nimemtapeli, nimekula hela na kazi sikufanya. Ni uongo. Nina meseji zake zote, nina stakabadhi, nina ujumbe wake akiniomba nimvumilie kwa sababu amefukuzwa kazi. Nikiziposti namaliza mjadala dakika moja. Watu wanamsikiliza yeye na biashara inakufa. Kwa nini nisijitetee?

---

Msema Kweli

Posti bosi. Aliyeanza kuleta hadharani ni yeye.

---

Kalamu Tulivu

Mtoa Huduma, jitetee, ila tenga vitu viwili. Kuna ukweli wa kazi: uliahidi nini, ulifanya lini, ulilipwa kiasi gani. Huo ni wenu wote wawili, na yeye ndiye aliyeuleta hadharani. Halafu kuna lile la kufukuzwa kazi. Hilo alikwambia wewe peke yako, akiwa kwenye shida, akiomba muda. Kusema uongo juu ya kazi yako hakukukupa wewe haki juu ya shida zake za nyumbani.

Ningejibu hivi, mara moja tu:

"Ndugu, tumesikitika kuona hujaridhika. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kazi ilikamilika na kukabidhiwa, na tuna uthibitisho. Tumekutumia nakala inboksi na tumekupigia simu. Kama kuna sehemu haijakaa sawa, tuelekeze tuitazame leo hii."

Usibishane chini yake. Atakayekuja baada ya hapo anataka kujua kama atakuwa salama mikononi mwako siku na yeye akichelewa kulipa. Akiona umeanika ujumbe wa mtu anayeomba kuvumiliwa, atakuamini kwamba hukutapeli, halafu ataenda kwa mwingine. Na kama uongo unaendelea na biashara inaumia kweli, stakabadhi zote na meseji zote zipeleke kwa mwanasheria au chombo cha kusuluhisha. Kule zinasomwa na anayestahili kuzisoma.

---

Mtoa Huduma

Nilikuwa nimeshaziandaa skrinshoti zote saba, ile ya kufukuzwa kazi ndiyo ya kwanza. Naitoa hiyo, na hizo zingine namtumia yeye. Jibu lako naliweka kama lilivyo, nabadilisha "leo hii" iwe "kesho asubuhi" kwa sababu leo niko kwa mteja mwingine hadi usiku.

---

Kalamu Tulivu

Vizuri. Ukishampigia, andika pembeni saa uliyompigia na alichosema. Likifika kwa mwanasheria atakuuliza.